Kuziba Masikio kwa Milisekunde Nane

Kidole cha Mbuvi kina mshono wa nyuzi sita.
Nilizihesabu zahanati, yeye akitazama ukuta.
Mashine ya kuunga mabati ilishuka yenyewe,
hakuna aliyekanyaga pedeli,
saa nne na dakika kumi asubuhi,
kinu cha posho cha jirani kilipowashwa.

Ireri akasema, majini.
Akataka mtu wa kuiombea karakana.
Nikamwambia ngoja, jini huyu namjua,
nilimzaa mimi,
kwenye meza ya jikoni kule Umoja,
kwa rezista moja, kapasita moja
na chipu ya miguu minane, shilingi thelathini pale Luthuli.

Mezani saa ile ilikuwa mwaminifu.
Nusu sekunde, nusu sekunde, nusu sekunde.
Taa ikiwaka, taa ikizima,
mwanangu Kwamboka akiihesabu kwa vidole.
Sikujua bado kwamba jikoni kwangu
ndipo mahali pekee pasipo na anayenipigia kelele.

Kariobangi ni kwingine.
Stima hapa hufika ikiwa imepigana njiani.
Mota ikiamka huvuta pumzi ya mtaa mzima;
kontakta ikiachia, koili yake hutema
kama paka aliyekanyagwa mkia;
wachomea mageti watatu wanachana hewa,
na kila waya mrefu ni sikio.

Lisemwalo lipo, walisema wahenga.
Hawakushika waya wa pedeli, mita nne,
uliolazwa ubavuni mwa kebo ya mota.
Humo husemwa yasiyokuwepo:
Amekanyaga. Amekanyaga tena.
Na saketi yangu, mtoto mtiifu,
ikaamini.

Niliazima oskiloskopu.
Kiooni mstari ukalala kama mwenye dhamiri safi.
Kisha kinu: mwiba mmoja, mwembamba,
mfupi kuliko kupepesa jicho,
mrefu wa kutosha kidole.

Nilianza na yale madogo, ya aibu.
Kapasita nikaibeba hadi mguuni mwa chipu,
karibu kama mtoto mgongoni;
sentimita mbili tayari ni safari.
Nyaya za pedeli nikazisuka
nikazihamishia upande wa pili.
Ardhi zote nikazifunga kwenye bolti moja
(mwanzo kila kipande kilikuwa na ardhi yake,
na penye ardhi mbili, Nairobi hii,
pana kesi).
Koili nikaifunga rezista na kapasita mdomoni
imeze hasira yake yenyewe.

Kisha nikaiambia saketi: acha kukisia,
hesabu mapigo ya stima.
Mara mia kwa sekunde huvuka sufuri;
hamsini, basi, uachie.
Ila stima chafu huvuka mara tano
pale ilipopaswa kuvuka mara moja.
Hapo nilikwama siku tatu.

"Mama, nimekuita mara tano!"
Nilikuwa nimeinamia bodi, risasi inayeyuka.
"Nilikusikia ya kwanza," nikamjibu,
na mkono ukasimama hewani.

Ya kwanza.
Ikisikia pigo, izibe masikio milisekunde nane,
wapige kelele watakavyo,
izibue kulingoja lijalo, la kumi.
Na pedeli isiaminiwe
mpaka iseme neno lilelile
mapigo matano mfululizo.

Tuliweka karoti badala ya kidole.
Ireri akamlipa jirani, kinu kikawashwa, kikazimwa,
mara arobaini, unga ukatufanya wazee.
Karoti ikabaki nzima. Tuliila.

Mbuvi alirudi Jumanne.
Nikamwambia imepona.
Akaitazama kama mbwa aliyekwisha kukuuma mara moja,
anayetikisa mkia.
Alishika bati kwa mkono wa kushoto,
akasimama, mguu juu ya pedeli bila kukanyaga,
na midomo yake, niliiona, inahesabu.

Nikageuka nikajifanya natafuta bisibisi.